Usiku wa Upareni na Taa Zake

Same haina machweo marefu. Jua likishagusa nyika ya Simanjiro upande wa magharibi halina mashauri tena: linazama, na kabla ya nusu saa kupita, milima ya Pare iliyokuwa na rangi ya shaba imekuwa kiza kitupu. Mji huu uko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka na ile fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Iwe Juni ya baridi au Desemba ya joto, mkazi wa Same, wa Hedaru, wa Mbaga au wa Gonja anapewa usiku wa takriban saa kumi na mbili, bila kuuomba wala kuulipia.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mawaidha mengi kuhusu taa na usingizi yanayotufikia kwenye simu yametungwa katika nchi ambazo usiku wake ni kitu kingine kabisa. Stockholm mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mwezi Juni halizami mpaka saa nne usiku, na giza lenyewe halikolei. Mtu wa huko hana budi kujitengenezea usiku kwa mapazia mazito na kujitengenezea mchana kwa taa. Akiandika juu ya madhara ya mwanga wa usiku, anaandika juu ya kitu ambacho hakuwahi kukipata kikiwa kizima. Sisi tulikipata kizima, na ndani ya kizazi kimoja tumeanza kukikata vipande.

Zamani ukipita usiku kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi, kati ya Hedaru na Same, mlima ulikuwa kipande cha mbingu kisicho na nyota. Ulijua upo kwa sababu nyota zilikatika ghafla. Siku hizi unaweza kuhesabu vitongoji kwa taa: pale Suji juu ya Makanya, kule Vudee, na taa nyingine moja peke yake mbali, ambayo huenda ni ya zahanati au ya mtu aliyesahau kuzima. Kuna kejeli kidogo katika kuchelewa kwa taa hizo. Mitambo ya umeme wa maji ya Nyumba ya Mungu na ya Hale ilijengwa katika bonde la mto Pangani miaka ya 1960. Nyaya za msongo mkubwa zikapita tambarare kwenda Moshi, na watu wa mlimani wakawa wanazitazama nguzo zake kwa miaka mingi huku mikononi wameshika vibatari. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ndio uliopandisha umeme vijijini kwa kasi, na gharama ya kuunganishiwa ikashushwa hadi shilingi 27,000.

Kwa hiyo anayewasifia Wapare giza lao huku yeye amekaa chini ya taa ya umeme anajifurahisha tu. Kibatari kilimvutisha moshi mtoto anayesoma, na asubuhi masizi yakakutwa puani mwake. Kilipinduka kikaunguza nyumba za nyasi na ngozi za watoto. Mafuta yake ya taa, yaliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda, yalinywewa na wadogo wasiojua. Wakunga walizalisha wakiwa wamebana tochi kwa meno. Mwanamke aliyekuwa akivuja damu saa nane ya usiku hakunufaika kwa lolote na uzuri wa nyota za kilele cha Shengena. Mjadala wowote wa afya unaoanza kwa kuitilia shaka haki ya watu hawa kuwa na taa umeanza vibaya, na mimi siutaki. Swali langu ni dogo zaidi, na ndiyo maana halijaulizwa sana: taa ikishafika, tunaiweka wapi, ya rangi gani, na tunaizima lini?

Mwili una saa yake. Iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapopishana, na ina seli kama 20,000 tu. Ndiyo inayopanga lini joto la mwili lishuke, lini njaa iume, lini kope ziwe nzito. Kwa watu wengi saa hiyo ikiachwa peke yake huchelewa kidogo kila siku; inahitaji kurekebishwa, na kinachoirekebisha ni mwanga. Namna mwanga unavyoifikia ni jambo lililofahamika juzijuzi tu. Mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna seli chache ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, wala hazishughuliki na sura ya mtu au maandishi ya kitabu. Zinachotaka kujua ni kiasi cha mwanga kilichopo, hasa ule wa buluu, unaotawala mbingu ya mchana. Ndiyo maana baadhi ya vipofu ambao hawaoni hata kivuli bado miili yao hutambua kumekucha.

Giza likiingia na seli hizo zikinyamaza, tezi moja katikati ya ubongo, isiyofika urefu wa sentimita moja, huanza kumimina homoni ya melatonini. Wengi huiita homoni ya usingizi, na maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani huiuza kwa jina hilo. Kazi yake halisi ni kutangaza kwamba usiku umeingia. Ini, kongosho, moyo na mishipa ya damu hupokea tangazo hilo na kila kimoja hubadili mwendo. Taa ikiwaka, tangazo hucheleweshwa. Mtu anaweza kulala vilevile, hata akakoroma, lakini ndani yake kuna viungo ambavyo havijaambiwa kuwa ni usiku.

Mwanga kiasi gani unatosha kuleta vurugu hiyo? Wapimaji hutumia kipimo kiitwacho laksi. Jua la adhuhuri katika mashamba ya mkonge ya Makanya hufikia laksi 100,000. Mbalamwezi ya mwezi mpevu, ile ambayo watoto wa kijijini huichezea hadi waitwe ndani kwa ukali, haifiki hata nusu laksi. Kibatari mezani kinatoa laksi chache. Sebule yenye globu nzuri ya LED ina laksi mia moja au zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 116 waliokaa katika mwanga wa kawaida wa chumba, chini ya laksi 200, kabla ya kulala. Karibu wote melatonini yao ilichelewa kuanza, na muda wake ukapungua kwa kama saa moja na nusu. Watu hawalingani katika hili. Wako wanaovurugwa na mwanga hafifu sana, na wako ambao hata taa kali huwaathiri kidogo. Ndugu wawili wa chumba kimoja wanaweza kugombana kuhusu kuzima taa na kila mmoja akawa anasema kweli.

Kilichowachelewesha wale watu 116 kilikuwa taa ya chumba. Nalikazia hilo kwa sababu simu imebebeshwa lawama zote. Kweli, mwaka 2015 jaribio jingine la huko huko Boston lilionyesha kwamba watu 12 waliosoma kwenye kioo chenye mwanga kabla ya kulala walichukua kama dakika kumi zaidi kusinzia kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Dakika kumi ni kitu, lakini si kitu kikubwa. Kwa maoni yangu simu inatuibia usingizi zaidi kwa maneno yake kuliko kwa mwanga wake. Kundi la ukoo linalojadili michango ya harusi saa sita usiku lingetukesha hata kama kioo kingekuwa cheusi.

Kuna jaribio la mwaka 2022 linalonitia wasiwasi zaidi. Vijana 20 wenye afya njema walilala katika maabara ya Chuo Kikuu cha Northwestern, nusu yao wakiwa na taa ya laksi 100 usiku mmoja. Walilala. Walipoamka hawakuwa na malalamiko makubwa. Lakini mioyo ya waliolala taa ikiwaka ilikuwa imedunda kwa kasi zaidi usiku kucha, na asubuhi miili yao ilihitaji insulini nyingi zaidi kuimudu sukari ile ile. Usiku mmoja tu. Katika nchi ambayo kisukari na shinikizo la damu vimehamia hadi vijijini, tabia ya kulala taa ikiwaka sebuleni na mlango wa chumba ukiwa wazi inastahili kuangaliwa upya. Sidai kwamba taa ndiyo iliyoleta kisukari. Chakula na kukaa bila kazi ya mwili vina sehemu kubwa zaidi. Ila kuizima ni bure, na ni vichache vilivyo bure katika ugonjwa huo.

Hapa msomaji mzee ataniuliza: je, mababu walikuwa wanalala jua likizama? Jibu la uhakika kuliko yote lipo hapa hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hawakusubiri maabara ya mtu. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi vya watu wazima 94 wa jamii tatu zisizo na umeme: Wahadzabe, Wasani wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Wengi tulitarajia kusikia habari za usingizi mrefu wa raha. Vipimo vilisema mengine. Watu hao walilala kwa wastani kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na walisinzia zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama. Usingizi wao ulifuata baridi kuliko giza: walilala hewa ikipoa na kuamka karibu na saa ambayo joto limefikia chini kabisa. (Mwenye nyumba ya bati isiyo na dari pale Same mjini atalielewa hili bila mtafiti.) Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake walieleza jinsi walivyowapima Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kila wakati palikuwa na mtu macho, mzee akigeuka, kijana akichochea moto, mama akinyonyesha.

Ukichukua matokeo hayo peke yake utasema umeme hauna kosa. Lakini mwaka huo huo wa 2015 Horacio de la Iglesia alichapisha habari za jamii mbili za Watoba wa kaskazini mwa Argentina, ndugu wa damu na wa utamaduni mmoja, wengine wakiwa na umeme na wengine hawana. Wenye umeme walilala pungufu kwa kama dakika 40 wakati wa kiangazi na karibu saa nzima wakati wa baridi. Walikuwa wakiamka sawa na wenzao. Kilichobadilika ni saa ya kulala.

Tukirudi Upareni, hakuna mzee atakayekuambia kwamba zamani watu walilala na kuku. Jioni ndiyo iliyokuwa saa ya kupukuchua mahindi, ya hadithi, ya kusuluhisha kesi za mipaka. Wakati mazao yamekomaa, vijana walilala juu ya dungu wakifukuza nguruwe pori, na hadi leo wanaopakana na Hifadhi ya Mkomazi hukesha kwa ajili ya tembo. Usiku ulikuwa na shughuli zake. Kilichokuwa tofauti ni mwanga uliozimulika shughuli hizo: moto wa mafiga, ulio chini, mwekundu, wenye buluu kidogo mno, na unaofifia wenyewe kadiri mazungumzo yanavyoisha. Watu waliukaribia, na walipoondoka waliingia gizani moja kwa moja. Globu nyeupe ya darini inamwagia mwanga jicho kutoka juu, kama adhuhuri, na haichoki mpaka umeme wa Luku uishe.

Wanaoumia zaidi siku hizi hawako mlimani. Wako barabarani. Same ni mji wa njia. Umeishi kwa reli tangu Wajerumani walipoipitisha kwenda Moshi, ilikofika mwaka 1911, na sasa unaishi kwa mabasi na malori. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya zuio lililoanza miaka ya 1990. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake nzuri za biashara. Lakini mji ulio katikati ya njia ndio unaokesha kwa niaba ya miji iliyo mwishoni. Nilimsalimu mama mmoja anayeuza chai na chapati kando ya barabara, taa nyeupe ikining'inia sentimita chache juu ya kichwa chake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu chai.”

“Unafunga saa ngapi?”

“Basi la mwisho likishapita.”

“Na la mwisho linapita saa ngapi?”

Akacheka, akanimiminia chai. “Siku hizi hakuna la mwisho.”

Yeye, mlinzi wa kituo cha mafuta, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria wa saa tisa, muuguzi wa zamu ya usiku na dereva wa lori la kwenda Holili ni kundi moja. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka kazi ya zamu ya usiku inayovuruga saa ya mwili katika orodha ya mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Hiyo ilikuwa mwaka 2007, na mwaka 2019 likarudia uamuzi huo. Sijawahi kusikia mlinzi hata mmoja akielezwa hilo wakati wa kuajiriwa. Anapewa rungu, koti na tochi. Na akitaka msaada wa kukesha, dawa yake inastawi juu ya milima hiyo hiyo: mirungi, zao lililopigwa marufuku ambalo mamlaka zimefyeka mashamba yake Same zaidi ya mara moja. Nalitazama jani hilo kama kipimo cha usingizi tunaodaiwa. Madereva wanaolitafuna wanajua faini yake, na wanalitafuna kwa sababu ratiba ya gari haikumtengea mtu mahali pa kulala.

Kundi jingine ni wanafunzi wa bweni. Prepo ya usiku, kengele ya alfajiri, taa ya bweni inayowaka hadi asubuhi kwa sababu za ulinzi. Miili ya vijana wa umri ule huchelewa kusinzia kwa maumbile, tukitaka tusitake; tukiwaongezea taa nyeupe hadi saa nne au tano na kuwaamsha saa kumi alfajiri, tunawafundisha watoto ambao nusu yao hawapo. Walimu wanaliona kila siku katika kipindi cha kwanza na wanaliita uvivu.

Mkulima wa tangawizi wa Mamba yuko salama zaidi kuliko hao wote, na sababu yake inanifurahisha. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba jicho lililoshiba mwanga mkali mchana haliyumbishwi sana na taa ya jioni. Aliyeshinda shambani kwenye makumi ya maelfu ya laksi, akirudi nyumbani akatazama taarifa ya habari chini ya globu moja, saa yake inajua vizuri mchana ulikuwa upi. Aliyeshinda ndani ya duka lenye giza nyuma ya nondo, au ofisini mapazia yakiwa yamefungwa kwa ajili ya jua, anafika jioni mwili wake ukiwa bado haujaona mchana, na taa ya usiku ndiyo inayokuwa mchana wake. Wataalamu waliokutana na kuchapisha mapendekezo mwaka 2022 waliweka mambo yote mawili pamoja: angalau 250 kwa kipimo cha mwanga unaoigusa saa ya mwili wakati wa mchana, usiozidi 10 katika saa tatu kabla ya kulala, na usiozidi 1 wakati wa kulala. Sehemu ya kwanza ya ushauri huo, Same inaitoa bure mlangoni. Mwenye duka na atoke nje asubuhi, akae barazani na chai yake.

Afya ya usiku Upareni haiwezi kuzungumzwa bila mbu. Eneo hili lina historia yake katika jambo hilo: kati ya mwaka 1955 na 1959, chini ya Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, nyumba za pande zote mbili za mpaka na Kenya zilipulizwa dawa ya dieldrini, na malaria ilipungua sana mpaka upulizaji uliposimama. Mbu wa wakati ule waliuma ndani, usiku mkubwa, watu wakiwa wamelala. Vyandarua vimewabana hao. Sasa sehemu kubwa kuliko zamani ya kuumwa inatokea nje na mapema, kabla ya watu kuingia kitandani, na taa ndiyo inayowaweka watu nje: benchi la duka, televisheni ya kibandani, mechi ya usiku. Chandarua hakimfuati mtu kwenye mechi.

Na si binadamu tu. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi inayopakana na Mkomazi, kuna hoteli ya Ngulia. Mwaka 1969 watu waliona kwamba usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka mwezi wa Novemba na Desemba, taa kali zilizowekwa ili wageni waone wanyama zilikuwa zinashusha ndege kwa maelfu. Walikuwa ndege wa safari, wamevuka kutoka Ulaya na Asia kwenda kusini, wakapotezwa na mwanga. Wanasayansi wakaitumia ajali hiyo: kila mwaka huwanasa, huwavisha pete miguuni na kuwaachia, na mengi tunayoyajua kuhusu safari za ndege hao yametoka pale. Ndege hao hao hupita juu ya Same. Hakuna anayewahesabu.

Kuna kazi moja ya Upareni inayonisaidia kufikiri juu ya haya yote, nayo ni ndiva. Mgeni akiiona mchana atadhani ni dimbwi. Wapare waliichimba tangu zamani kwa udongo na mawe chini ya mifereji, na wangali wanaitumia Vudee, Bangalala na kwingineko. Jioni mlango wake hufungwa. Kijito ambacho mchana ni chembamba mno kufika mashamba ya chini huingia humo usiku kucha bila mtu kukisimamia. Asubuhi mwenye zamu huuzibua mlango, na maji hutoka kwa nguvu, yakafika hata shamba la mwisho. Mtu akiufungua mlango kidogo saa tano usiku kwa ajili ya bustani yake, hatamaliza maji. Asubuhi maji yatakuwepo, ila hayatakuwa na msukumo, na wa shamba la mwisho ndiye atakayejua. Hivyo ndivyo ninavyouelewa usingizi uliopigwa taa. Na ndiva haikulindwa kwa hiari ya kila mtu; ilikuwa na wazee wake, zamu zake na faini zake. Tukitarajia usiku ulindwe na kila mmoja kwa nidhamu yake binafsi, chini ya taa za jirani na spika za baa, tunajidanganya.

Kwa bahati jamii hii haijasahau kabisa kuwa na saa ya pamoja ya kusimama. Wasabato, ambao misheni yao ya kwanza katika nchi hii ilifunguliwa Giti, huko Mamba, mwaka 1903, huacha kazi Ijumaa jua linapozama. Waislamu wa Same huanza siku yao kwa Magharibi. Huhitaji kuwa wa dini yoyote ili kuona kwamba watu hao wana kitu ambacho madaktari wa Ulaya wanajaribu kukiandika upya kwenye vyeti vya dawa.

Nyumbani mambo ni machache. Boksi la globu lina namba ya rangi ya mwanga: 6500 ni nyeupe yenye buluu, 2700 au 3000 ni ya njano. Bei zake zinakaribiana; mazoea tu ndiyo yanayotufanya tuamini kwamba nyeupe ndiyo taa ya kweli. Weka ya njano chumbani na sebuleni, nyeupe iache jikoni na dukani. Bweni linaweza kulindwa kwa taa iliyo nje na iliyofunikwa juu, watoto wakalala gizani. Mwajiri wa mlinzi anaweza kumpa zamu isiyobadilika kila wiki na mahali penye giza pa kulala mchana.

Mtaani si mambo ya mtu mmoja. Taa za sola zinasimikwa sasa katika miji mingi ya barabara kuu, na ni jambo jema: zinamrudisha mwanamke nyumbani salama. Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba taa za barabarani zisizidi 3000 kwa kipimo hicho cha rangi na zifunikwe zimulike chini. Nguzo ikishasimama itakaa miaka mingi, ikimulika dirisha la mtu kila usiku wa miaka hiyo. Kwa hiyo ninyi mnaosaini manunuzi ya taa hizo katika halmashauri zetu, Same na Mwanga na kwingineko, someni namba iliyo kwenye boksi kabla ya kusaini, na mwagizeni mkandarasi aigeuze taa iangalie barabara.